Mizizi ya Kilatini na Koti Jeupe

Mwenye duka alilishika koti mabegani, kama fundi anavyomshikia bwana harusi, akanisubiri niingize mikono. Nikaingiza. Hapo ndipo nilipopaswa kukataa. Nilikubali kulifunga darasa langu la Kiingereza, darasa la wakulima kumi na wanne na ubao wa bati, na badala yake nikae kwenye kiti ndani ya duka la pembejeo, nimevaa nguo nyeupe, niwasomee watu lebo za dawa ambazo nilikuwa nikiwafundisha wazisome wenyewe.

Siku hizi watu wema huniambia kwamba zama ndizo zilikuwa hivyo. Ushirika ulikuwa umekufa, kila kitu kilikuwa ruksa, na kila mtu alitafuta pa kujishikiza. Wema huo siutaki. Zama hazina mikono ya kuingiza kwenye koti. Niliingiza ya kwangu, mchana kweupe, na mke wangu alikuwa amesimama mlangoni akinitazama.

Lakini nianze na Kilatini, kwa kuwa hicho sikijutii hata kidogo.

Nilisoma seminari ndogo hadi kidato cha nne. Upadri haukunitaka, au mimi sikuutaka. Mama yangu alikufa akiamini la kwanza. Kilatini tulifundishwa na padri mzee mwenye kikohozi, aliyevaa sweta mbili hata jua likiwaka. Wenzangu walikariri ili wafaulu wakasahau siku ya pili. Mimi kilinikaa kwa sababu ya jambo moja alilolisema siku ya kwanza, kwamba Kiingereza ni lugha ya mkopaji asiyerudisha, na ukijua alikokopa hutahangaika naye tena. Akaandika neno moja, "portare", yaani kubeba. Chini yake akapanga "import", "export", "transport", "report", "porter". Akatuuliza kila moja linabeba nini na linapeleka wapi. Tulijibu yote bila kamusi. Nilikuwa mtoto wa mkulima wa Lushoto niliyeingia pale nikikiogopa Kiingereza kama mbwa asiyefungwa. Jioni ile nilitembea kama mtu mwenye funguo mfukoni.

Baada ya shule nilipata kazi ya ukarani katika ghala la ushirika. Dawa za mashamba zilipita mikononi mwangu, nami nikazisoma lebo zake zote, maana hapakuwa na kitu kingine cha kusoma. Mkulima hakuhitaji kusoma. Alikuwepo bwana shamba, mtu wa pikipiki, aliyemwambia kila mmoja weka kifuniko hiki kwenye bomba, pulizia asubuhi, usivune mpaka siku kadhaa zipite. Kisha yakaja mageuzi. Bwana shamba alihamishwa kwenda tambarare, na pikipiki yake hatukuiona tena ikiwa na mpandaji mwingine. Ghala lilifungwa siku moja na watu wawili waliokuja na kufuli jipya. Nikarudi nyumbani na kalamu mbili.

Dawa hazikukoma kuja, ila sasa zilikuja kwa njia zake, madebe ya rangi nzuri yenye maandishi ya Kiingereza tupu. Nasi ni watu wa bustani: kabichi, karoti, nyanya, viazi. Huku kwetu milimani ukungu hushuka asubuhi na kukaa hadi saa nne, na mkulima asiyepulizia huwa anawalimia wadudu na uozo. Kwa hiyo watu walinunua. Walinunua kwa kuangalia picha. Kama debe lilikuwa na picha ya nyanya, lilikuwa dawa ya nyanya.

Siku moja mke wangu alikuja na debe kutoka kwa jirani, akaliweka mezani.

"Hii inaua nini?"

Nikafungua mdomo nimwambie, akaninyamazisha kwa mkono.

"Usiniambie. Nionyeshe umejuaje."

Alikuwa ameishia darasa la saba, na darasa hilo alilimaliza akiwa wa kwanza. Nikamwonyesha. Nikamwambia neno linaloishia na "cide" linatoka kwenye neno la Kilatini la kuua. Kinachotangulia ndicho kitakachokufa. "Herba" ni majani, basi "herbicide" inaua majani. "Fungus" ni ukungu unaoozesha mmea. "Insectum" ni mdudu. Aliyaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, juu ya mafiga, mahali ambapo moshi ungeyafikia mwisho. Akauliza kama lipo linaloanza na mtu. Nikamwambia lipo, ila hilo haliuzwi dukani. Alicheka, kisha akasema na dada zake wa jumuiya lazima wayajue haya.

Hivyo darasa lilianza kwa amri yake, wala si kwa wazo langu. Tulikutana alasiri, siku zisizo za gulio, kwenye baraza la ghala lile lile lililofungwa. Wanawake kumi na mmoja na wanaume watatu. Ubao ulikuwa bati lililong'oka paani. Hatukufundishana kusema "good morning", tulichimba mizizi. "Aqua", maji. "Oculus", jicho, kwa sababu lebo nyingi zilionya juu ya macho. "Manus", mkono. "Pre", kabla. "Post", baada. Mzizi mmoja kwa siku, na kila mtu aje na lebo au karatasi yoyote yenye neno lililozaliwa nao. Waliokuwa wakinunua nguo za mitumba walileta hata vitambaa vya shingoni vya mashati.

Tulichekwa. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alisema ninawafundisha lugha ya maiti watu ambao hata ya walio hai hawajaipata. Nilimjibu kwamba maiti huyo ndiye aliyemzaa aliye hai, na anayetaka kumjua mtoto aulize kwao. Leo pia ningemjibu hivyo. Ilikuja barua kutoka kwa mkubwa wa elimu ikisema sina cheti cha ualimu, nisimamishe masomo mara moja. Niliisoma mbele ya darasa. Mzee mmoja kati ya wanaume watatu, maalim wa madrasa na jirani yangu, aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Mjibu kwamba hapa hakuna anayefundisha Kiingereza," alisema. "Hapa tunafundishana kutokufa."

Hatukujibu kabisa. Tuliendelea.

Maalim yule ndiye aliyewahi kuelewa kuliko wote. Wiki ya pili alituambia kwamba jambo hili si geni, kwani Kiarabu nacho kimejengwa hivyo hivyo. Akatuuliza kitabu, katibu na maktaba ni ndugu au majirani. Watu wakatazamana. Walikuwa wakiyatumia maneno hayo maisha yao yote bila kujua kwamba ni tumbo moja. Mke wangu akasema kwa nini twende mbali, mbona kuna pika, mpishi na mapishi. Tangu siku ile hapakuwa na mtu aliyeogopa. Maalim alinitania, akaniita padri aliyekosa kanzu, nami nikamwita mwanafunzi mkorofi, na kila tulipokutana njiani nilimpa shikamoo yake kwanza ndipo utani ufuate.

Nakumbuka siku tuliyochimba neno la zama zile. Redioni walisema soko huria, magazetini waliliandika kwa Kiingereza, "liberalization". Nikawaambia mzizi wake ni "liber", huru. Mama mmoja muuza karoti akauliza: uhuru wa nani? Kisha tukachimba "private", nikawaeleza kwamba mzizi wake wa Kilatini ni kumnyima mtu kitu, kumpokonya. Walitazama lile kufuli la ghala nyuma yangu, wote.

Sasa mwenye duka. Alipanda kutoka Magoma, huko chini ya milima, kijana mchapakazi aliyefungua duka la pembejeo karibu na stendi. Hakuwa mtu mbaya sana. Alikuwa mtu aliyegundua kwamba wateja wanaanza kurudisha bidhaa. Mwanafunzi wangu mmoja alirudisha debe akamwambia mbele ya watu kuwa aliomba dawa ya ukungu, naye amempa ya kuua majani, akaweka kidole chini ya neno. Wiki iliyofuata walirudisha wawili. Mwingine alimuuliza kwa nini mwezi ulioandikwa pale umekwisha kupita.

Akaja kwangu na kilo mbili za sukari. Aliniita mzee wangu, ingawa nilikuwa na umri wa miaka arobaini na kidogo tu. Alisema mtu mwenye elimu kama yangu kukaa barazani na ubao wa bati ni aibu kwa mji. Njoo dukani, uwe mtaalamu wetu. Nitakununulia koti. Watu watakuja, utawasomea, na mimi nitapumua. Ila hili darasa, mzee wangu, linawachanganya. Mtu akijua nusu ni hatari kuliko asiyejua.

Maneno hayo ya mwisho niliyapenda. Mtu mwenye elimu ya nusu hupenda sana kusikia kwamba nusu ya wengine ni ndogo kuliko yake. Tangu kufungwa kwa ghala nilikuwa natembea mjini bila mtu kuniuliza jambo. Koti lilikuwa na mifuko mitatu.

Mke wangu aliuliza swali moja tu. "Na sisi?"

Nikamwambia watakuja dukani, niwasomee.

"Tulikuwa tunasoma," alisema.

Siku niliyolivaa, maalim alipita mbele ya duka, akasimama, akanitazama kuanzia kola hadi vifungo. "Naona kanzu umeipata," alisema, akaendelea na safari yake. Hakunitania tena baada ya hapo. Hilo lilipaswa kunitosha.

Ilinichukua mwezi kuuzoea ukubwa. Watu waliniita daktari. Wazee waliokuwa na haki ya kupewa shikamoo na mimi walinitangulia wao kunisalimu, nami nikaitikia. Nilisoma lebo kwa sauti, kwanza kwa Kiingereza, ili waone. Darasa lilikaa wiki tatu likinisubiri barazani, kisha likaacha kuja. Waliolazimika kununua walikuja dukani, wakaniuliza, wakaniamini.

Sasa kuna jambo la biashara hii ambalo kila mkulima wa huku analijua. Debe zima ni kubwa kwa mwenye kishamba kidogo. Kwa hiyo dukani dawa ilipimwa kwenye chupa za soda zenye kizibo cha gunzi, nusu chupa, robo chupa. Mwenye duka aliipima mwenyewe kila jioni nilipokwisha kuondoka, akazipanga chupa kwenye rafu, kulia za ukungu, kushoto za magugu. Dawa zote mbili zilikuwa na rangi moja, ya chai iliyopoa. Chupa ya soda haina lebo. Nilijua. Mimi, katika watu wote wa mji ule, nilijua maana ya chupa isiyo na lebo, na nikaanza kuziuza.

Wanawake wa darasa walikuwa wamekodi shamba la viazi bondeni, kando ya mfereji, kumi na mmoja kwa pamoja. Lilikuwa jambo lao la kwanza bila mume ndani yake. Mvua zilikuja vizuri, viazi vikatoa maua, ukungu ukaanza kuonekana kwenye majani ya chini. Mke wangu alitumwa dukani. Alinisalimu kama mteja. Nikanyoosha mkono kulia, nikampa chupa. Aliigeuza, akaitazama pande zote.

"Lebo iko wapi?"

Kulikuwa na wateja wengine wanne dukani. Nilitabasamu kwa ajili yao.

"Lebo ni mimi," nilisema.

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alisimama kidogo, nadhani akinipa nafasi ya kuifungua ile chupa hata niinuse tu, au nimpeleke kwenye debe ilikotoka. Sikuinuka kitini. Akaondoka nayo. Alinibebea imani mara ya mwisho, mzigo ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimemfundisha asimbebee mtu yeyote.

Siku ya pili majani yalikuwa na madoa kama yamemwagiwa maji ya moto. Siku ya nne shamba lote lilikuwa limelala, rangi ya tumbaku, na magugu yamelala pamoja nalo. Katikati ya bonde la kijani palikuwa na mstatili uliokufa, ukionekana hata kutoka barabarani. Nilikwenda asubuhi, kabla ya watu. Nilisimama kwenye ukingo wa mfereji nikajua palepale, bila kuhitaji kamusi. Nikaenda dukani moja kwa moja nikafungua chupa za kulia, moja baada ya nyingine. Tatu zilinuka dawa ya magugu. Mtu alifuta vumbi rafuni akazirudisha visivyo, au mwenye duka alikosea jioni. Haijalishi ni nani. Niliyekaa chini ya rafu ile nimevaa koti jeupe ni mimi.

Wanawake walipeleka shauri ofisi ya kijiji. Walikaa kwenye benchi moja refu, na mke wangu mwisho wa benchi. Mwenye duka alisema kwa upole kwamba anasikitika, lakini dawa ilikuwa sahihi. Akina mama hawa hawakusoma, alisema, kipimo kiliwashinda, waliizidisha ikaunguza. Hakuna dawa isiyounguza ikizidishwa. Mwenyekiti akanigeukia mimi, maana nilikuwa mtaalamu. Aliniuliza kama hilo linawezekana.

Nilikuwa na chupa tatu kichwani. Nilikuwa pia na kiti, na koti, na wale wazee walionisalimu kwanza.

"Kipimo huwa kinawashinda," nilisema.

Nimeandika sentensi hiyo ili isomwe. Sikuisema kwa kutishwa. Hakuna aliyenishika koo. Niliitoa kwa sauti ileile niliyosomea lebo.

Mke wangu alisimama. Hakunitazama mimi, alimtazama mwenyekiti. Aliomba debe lolote lililokuwepo, akapewa moja lililokuwa pale ofisini likitumika kuwekea maji ya kunawa. Akalisoma. Alisoma neno la juu, akalivunja vipande viwili, akasema hiki ni mdudu na hiki ni kuua. Akasoma onyo la macho, akasema "oculus". Akasoma kabla na baada. Alisoma polepole, kwa matamshi ya Kishambaa, bila kosa, hadi mwisho wa debe. Kisha akalirudisha chini.

"Kipimo tunakijua, mwenyekiti," alisema. "Tuliyeshindwa kumpima ni bwana karani."

Nyumbani alikuwa akiniita mwalimu, hata mbele ya mama yake. Tangu siku ile nikawa bwana karani. Hakukaa muda mrefu. Alifunga nguo zake na za binti yetu, akaenda kwa kaka yake, kijijini Mgwashi. Aliniacha na ukuta wa jiko wenye maandishi ya mkaa.

Nilituma wazee, kama inavyotakiwa. Kaka yake aliwapokea vizuri, akawapa bada, ugali wetu wa muhogo, na mboga, akawarudisha na jibu la mke wangu. Hakudai mbuzi wala kitenge. Alisema nirudi kwenye ofisi ileile, mbele ya benchi lile, nikaigeuze sentensi yangu. Nikifanya hivyo atarudi. Maalim, aliyekuwa mmoja wa wazee hao, aliniambia kwamba hajawahi kuona mke akiuza msamaha kwa bei ndogo namna ile.

Sikwenda. Nilisema nitakwenda baada ya msimu. Nilisema nikipoteza kazi nitamrudisha kwenye nyumba ya njaa. Nilikuwa na sababu nyingi, na zote zilikuwa na mifuko mitatu. Niliendelea kuvaa koti kwa miaka miwili.

Kisha mwenye duka alirudi kwao Magoma, na duka likawa banda la video. Wiki hiyo hiyo nilikwenda mkutano wa kijiji, nikasimama, nikasema kila kitu: chupa, rafu, harufu, na uongo wangu. Nikasema wanawake wale walijua kusoma kwa sababu niliwafundisha mimi, na nilijua wanajua. Watu walinipigia makofi. Waliniona jasiri. Lakini kusema kweli wakati hakuna tena wa kukufukuza kazi si ujasiri, na mke wangu alilijua hilo kule Mgwashi kabla habari haijamaliza kusimuliwa. Alijibu kwamba amesikia, na anashukuru kwa niaba ya wenzake. Akasema ana darasa, hana nafasi.

Ndiyo, ana darasa. Alianza na wanawake sita kwenye uwanja wa kaka yake, mzizi mmoja kwa siku. Wapo wanaoniambia kwamba mambo ya Kilatini ndiyo yaliyoiharibu nyumba yangu, kwamba mwanamke wa shamba akishajua "cide" hawezi kukaa na mume. Mimi huwafukuza barazani kwangu. Mizizi haikuharibu kitu. Kila lebo inayosomwa sawasawa Mgwashi ni ushahidi wangu na hukumu yangu pia, na zote mbili nazikubali. Mwaka jana nilipaka chokaa nyumba nzima. Jiko sikuligusa.

Uamuzi wa kuvaa koti lile ulinigharimu mke wangu. Yuko hai, yuko Mgwashi, na hatarudi. Ulinigharimu darasa, ambalo sasa ni lake. Na ulinigharimu binti yangu: alipoolewa, aliyesimama kama baba yake ni mjomba wake, nami nilikaa kwenye benchi la wageni.